SOMO: Kutafuta chembe za plastiki kwenye utumbo wa samaki

Wakuu, nimejibu hili faragha mpaka vidole vinauma. Someni hapa.

1. Perege au kambale, wa bwawa la Mtera au la Hombolo, haijalishi. Pima urefu na uzito. Ukimgandisha, mfunge kwa foili, si mfuko wa plastiki.

2. Toa utumbo wote, pima, weka kwenye bika ya kioo.

3. KOH (potasiamu haidroksaidi, inayoyeyusha nyama na kuacha plastiki) asilimia 10: gramu 100, ongeza maji mpaka lita 1. Tia KOH kwenye maji kidogo kidogo, inapata moto. Mimina mara 3 ya ujazo wa utumbo, funika.

4. Sampuli tupu. Hapa ndipo nilipoharibu kundi zima, na ndipo wengi mnaporuka. Kila kundi liwe na bika moja yenye KOH bila samaki, ipite hatua zote. Weka pia karatasi ya chujio yenye unyevu, wazi, mezani unapofanyia kazi. Kiangazi cha Dodoma upepo hautulii, na vumbi linakuja na nyuzi za nguo. Funga madirisha, zima feni, vaa koti la pamba, chuja hata KOH yenyewe kabla. Ukikuta nyuzi 9 za bluu kwa samaki na 8 kwenye bika tupu, hujapata plastiki. Umepata sweta ya jirani yako.

5. Oveni nyuzijoto 40 za Selsiasi, saa 48 hadi 72. Ukipandisha kupita 60, poliesta huanza kulika.

6. Chuja kwa karatasi ya nyuzi za kioo, mikromita 1.2. Kausha, hadubini, kisha sindano ya moto: plastiki huyeyuka au hujikunja, pamba haifanyi hivyo. Aina ya plastiki ithibitishwe kwa FTIR (mashine inayotambua plastiki kwa mwanga wa infraredi).

Maswali

— Mkuu, KOH naweka kiasi gani?
Hatua ya 3.

— Asidi ya naitriki si haraka zaidi?
Haraka, ndiyo. Inayeyusha nailoni, na nyavu nyingi ni nailoni. Unaharibu unachokitafuta.

— Kambale wangu hachujiki, imekuwa uji.
Swali zuri. Mafuta yake na KOH vimefanya sabuni. Chuja ikiwa ya moto, kidogo kidogo, suuza kwa maji moto yaliyochujwa, kisha ethanoli. Usitie asidi: sabuni inarudi kuwa mafuta na kuziba kabisa.

— Na mchanga tumboni?
Chumvi ya mezani, gramu 360 kwa lita ya maji, chuja, koroga na mchanga huo, acha usiku kucha, chukua kinachoelea juu. Ila PVC (ya mabomba) na PET (ya chupa za maji) huzama humo. Hizo zinataka maji mazito zaidi, ya zinki kloraidi.

— Umeme ukikatika?
Usifungue oveni. Hata bila joto KOH inamaliza kazi, ila hesabu wiki 2 hadi 3.

— Kwa hiyo sampuli tupu ni lazima?
Rudi hatua ya 4.