Kununua na kutunza haipakaa ya haibridi: betri kwanza, mengine baadaye

Kuna jamaa nimemsaidia kutafuta Porsche 918 Spyder, haipakaa (gari la michezo la kasi ya ajabu) ya haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota za umeme, akaniomba nimwandikie hatua zote, basi naziweka hapa na wengine wafaidike.

1. Chagua gari
Porsche 918 zilitengenezwa 918, McLaren P1 375, LaFerrari za paa lisilofunguka 499 na 2016 ikaongezwa moja ya kupigwa mnada kusaidia waliokumbwa na tetemeko Italia. Mimi ni 918 tu. Unaichomeka ukutani, betri yake inabeba umeme wa kWh 6.8 wakati ya P1 ni 4.7, na LaFerrari haichomekwi kabisa.

2. Kabla hujalipa
Usidanganyike na kilomita chache. Dai ripoti ya afya ya betri kubwa, ile ya kuendesha mota za umeme, iliyosomwa kwa kompyuta ya dila (muuzaji rasmi). Tairi nazo soma tarakimu nne ubavuni, 2316 ni wiki ya 23 ya 2016, hilo hata kama halina kipara limeshakakamaa, badilisha.

3. Betri
Hapa ndo watu wanalia. Gari lina betri mbili, na ile ndogo ya volti 12 ndo inaamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoiunganisha betri kubwa, kwa hiyo ndogo ikifa hata kubwa ijae pomoni gari haliamki, na likiwa limepaki bado alamu na kompyuta zinakula umeme polepole. Weka chaja ya kutunza betri muda wote. Ila jua kwanza betri yako ndogo ni ya risasi au lithiamu, maana chaja nyingi za risasi zina programu ya kufufua betri inayopandisha volti juu sana, lithiamu inaumia. Chomeka kwenye soketi isiyozimwa na swichi ya taa, mtu akitoka gereji akazima taa umekwisha! Usiondoke mpaka taa ya kijani ya chaja iwake, kisha pima na mita kwenye vichwa vya betri. Na kama boneti inafunguka kwa umeme, usiifunge boneti wakati betri imechomolewa.

Betri kubwa nayo usiiache tupu miezi, seli zikishuka sana mfumo unakataa kuzichaji na hapo unazungumzia kununua betri nzima mpya.

4. Endesha
Mara kwa mara, mpaka oili ipate moto sawasawa. Kuwasha dakika mbili na kuzima ni kuiharibu injini.

5. Sevisi
Nyaya za rangi ya chungwa ni za volti kubwa, zinaua. Asiziguse fundi ambaye hajasomea magari ya umeme, hata awe bingwa wa injini kiasi gani.