Somo: Vyuma vikikaza, anza na daftari la Mangi

Wakuu, habari za majukumu. Somo hili, la namna ya kuzisaidia biashara ndogo za mtaani zisife, niliahidi siku nyingi. Nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza nimalize deni langu mwenyewe dukani. Nimelimaliza juzi, kwa hiyo sasa nina mdomo wa kusema.

Naishi Mbagala. Waliokuwapo barabara ya Kilwa ilipochimbwa kwa ajili ya njia ya mwendokasi wanakumbuka: vumbi kiangazi, tope masika, na mteja wa ng'ambo ya barabara akaona bora anunue hukohuko kwao. Kabla hatujavuta pumzi, Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Dada anayeuza mihogo na kachori nje ya geti la shule akaamka hana mteja hata mmoja, maana wateja wake wote walikuwa wavaa sare. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo likaungua, na siku chache baadaye ikaanza tozo ya miamala ya simu. Mtaani kwetu fremu tatu zilifungwa katika kipindi hicho.

Tulikaa kikao watu tisa, tukaanza kujaribu hiki na kile. Mengine yalikubali, mengine yalituaibisha. Nawapa kwa mpangilio ambao ningeufuata leo kama tungeanza upya.

(Kwa wasio wa Bongo: Mangi ni mwenye duka la mtaani. Jina limetoka kwa Wachaga, lakini hata akiwa Mkinga au Mpemba bado ni Mangi.)

HATUA YA 1: Lipa unachodaiwa

Hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo wengi wanaporuka.

Siku ya kwanza tulimwendea Mangi wetu na maneno mazuri: tunataka kukuunga mkono, utuambie una shida gani. Hakujibu. Aliinama chini ya kaunta akatoa kaunta buku ya kwaya tatu, jalada limeshikiliwa na selotepu, akaifungua mbele yetu. "Mama pacha, sukari nusu." "Mpangaji wa nyuma, mkate na mayai 2." "Wa bodaboda nyekundu, vocha." "Mwalimu, unga kilo 2." "Mwalimu, mafuta robo." Mwalimu ni mimi. Nilikuwa na kurasa zangu peke yangu. Alipojumlisha daftari zima kwenye simu, deni lilipita laki nne, na kati ya sisi tisa tuliokwenda kumsaidia, saba tulikuwamo.

Sasa angalia hiyo laki nne inafanya nini. Tuchukulie mtaji wake ni laki nane. Nusu iko daftarini, kwa hiyo anakwenda duka la jumla na nusu iliyobaki. Badala ya katoni nzima ya sabuni anachukua vipande dazeni moja, na bei ya katoni inamkimbia. Faida inapungua. Rafu zinaanza kuwa na mapengo. Anayekuja na hela mkononi anauliza dawa ya meno, hakuna. Anauliza viberiti, vimeisha. Kesho hasimami tena hapo. Anabaki na sisi wa daftari. Tukipita jioni tunatikisa kichwa, tunasema biashara ya Mangi siku hizi imeshuka.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo usisubiri mpaka uwe nayo yote. Punguza. Buku mbili kila unapopita, na umwombe apige mstari mbele yako ili mjue wote mmebakiza kiasi gani. Ukiwa huna kabisa, nenda ukamwambie huna. Najua ni kazi. Wengi tunaona heri kuzunguka uchochoro wa nyuma tusionekane, na hasara inakuwa mara mbili, kwa sababu ukishaanza kumkwepa, hata ile elfu tatu uliyo nayo mfukoni leo unaipeleka duka lingine. Amekosa deni, na amekosa na mauzo.

HATUA YA 2: Hamisha baadhi ya manunuzi

Baadhi, narudia. Mchele wa gunia na mafuta ya dumu ukivipata kwa bei nafuu sokoni, nunua huko, watoto wale. Chagua vitu vitatu au vinne tu ambavyo kuanzia leo vitatoka mtaani: mboga na nyanya za genge, sabuni, mkaa, sare za shule kwa fundi wa kona. Kisha usiviyumbishe. Muuzaji akijua kwamba fungu lako la mchicha lina mwenyewe kila jioni, anajua anunue mangapi asubuhi.

HATUA YA 3: Lipia kabla

Hii ndiyo iliyotupa matokeo ya haraka kuliko zote.

Mama lishe wetu alikuwa akinunua mchele kwa Mangi kila asubuhi, kilo mbili mbili, kwa bei ya rejareja, halafu anauza sahani kwa bei ileile ya wenzake. Watu sita tunaokula kwake mchana tukakubaliana: sahani elfu mbili, siku tano, kila mtu anatoa elfu kumi Jumapili jioni. Hiyo ni elfu sitini kabla hajawasha jiko. Jumatatu akanunua mchele, maharage na mkaa wa wiki kwa mkupuo. Kila mmoja wetu akapewa kikaratasi chenye tarehe tano. Ukila, anakata moja.

Genge nalo vivyo hivyo. Mama wa genge alikuwa ananunua nyanya za ndoo ndogo kutoka kwa mchuuzi anayepita mtaani, kwa kuwa hela ya tenga hakuwa nayo. Majirani wanne tukampa elfu kumi kila mmoja, tutakuja kuzichukua kwa nyanya na vitunguu mpaka ziishe. Saa kumi alfajiri akadandia gari kwenda soko la Stereo, Temeke. Siku ile nilimsindikiza. Anayejua nyanya hatazami za juu, zile zimepangwa kwa ajili ya macho. Alizamisha mkono mpaka chini ya tenga, akatoa moja, akaibonyeza karibu na kikonyo, akaacha tenga lile, akaenda la pili. La tatu ndilo alilonunua, nyanya za Ilula, ngumu, nyingine bado zina rangi ya chungwa. Alisema hizo zitavumilia mpaka Alhamisi.

Tahadhari moja: usilipie zaidi ya wiki. Kuna kuugua, kuna misiba, kuna mvua. Deni la wiki mtu analimudu. La mwezi litawagombanisha.

HATUA YA 4: Shughuli za mtaa zianzie mtaani

Msiba ukitokea tunachanga, kisha mtu anatumwa mjini na pikipiki kununua sukari, majani ya chai, maharage na maji. Kwa nini? Siku hizi kamati yetu inaandika orodha, inampelekea Mangi kwanza, anasema kipi anacho na kwa bei gani, analipwa taslimu papo hapo. Kisichokuwapo ndicho kinachofuatwa. Vitafunwa vya vikao vya harusi vinatoka kwa mama wa vitumbua. Sare za kitchen party bado tunabishana. Akina mama wanasema fundi wetu anachelewesha, na kusema kweli anachelewesha.

HATUA YA 5: Mkichanga, nunueni mzigo

Hapa ndipo tulipoaibika. Yule dada wa mihogo, geti la shule lilipofungwa, tulimchangia tukamkabidhi hela mkononi kwa furaha kubwa. Siku ya nne hana kitu. Mimi nilikuwa wa kwanza kumsema. Baadaye tukajua kwamba alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, rejesho la kila siku, na wenye hela walipopata habari za mchango walikuja wakaketi kwenye benchi lake asubuhi hadi wakaondoka nayo. Hakuna aliyemuuliza mapema.

Kwa hiyo kwanza uliza, faragha, unadaiwa na nani na rejesho ni lini. Kisha mchango ugeuzwe mzigo: gunia la mihogo, dumu la mafuta, karai. Kama deni ndilo linalomnyonga, watu wawili wenye heshima zao wamsindikize kuomba apunguziwe rejesho. Na mwambieni asizime moto kwa petroli kwa kukopa kwingine kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Ni zile zile zinazopigia simu ndugu na mabosi wako ukichelewa.

HATUA YA 6: Wasaidieni makaratasi

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Mama lishe wengi wanaijua, kinachowashinda ni katiba ya kikundi, andiko la mradi na safari za kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wewe unayeandika barua za ofisini kutwa nzima, hilo ni jambo la Jumamosi moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Tanga: Mwalimu, Mangi wetu anamuuzia anayekopa kwa bei ya juu. Bado nimuunge mkono?

Jibu: Kama alikwambia kabla, hiyo ni bei ya kusubiri, ni haki yake. Kama uligundua siku ya kulipa, mwambie. Dawa ya kudumu unayo mwenyewe: lipa taslimu.

Mwanachama aliyeko Muscat: Kila mwezi namtumia mama hela ya genge. Kila mwezi genge linakufa. Nimechoka jamani.

Jibu: Pole sana dada. Uliza watu wangapi wanakula nyumbani kwa mama. Genge likiwa ndilo jiko la nyumba, utatia hela na litaliwa, na mama hawezi kukwambia kwamba wajukuu walikuwa na njaa. Jaribu kinyume chake kwa miezi mitatu: tuma hela ya kula, uitaje hivyo, na genge uliache lijiendeshe. Mzigo wa kuanzia, mlipe muuza jumla moja kwa moja. Na usimfokee mama kwenye simu.

Mwenye duka: Mimi ndiye huyo Mangi. Nimeandika ukutani "Mkopo kesho", watu wananuna, wengine wamehama. Niweke majina ya wadaiwa kwenye grupu la mtaa?

Jibu: Usithubutu. Ukimwaibisha mtu, deni halitalipwa na ukoo wake wote utahama. Weka kikomo kwa kila mteja, kwa mfano elfu kumi, umwambie siku anapoanza kukopa. Akifika, ukurasa umefungwa mpaka apunguze. Mkumbushe akiwa peke yake, asubuhi ya siku ya mshahara, siyo jioni.

Kijana wa Temeke: Nilipiga picha vitumbua vya jirani nikaweka stetasi. Zikaja oda za vitumbua mia nne kwa siku moja, akashindwa, watu wakatukana. Nimemharibia?

Jibu: Ulifanya haraka. Uliza kwanza: una vyuma vingapi, unaanza saa ngapi, nani anakusaidia, mwisho wako ni vingapi? Tangaza hivyo, na zikifikia hapo funga oda. Nenda ukamwombe radhi, halafu ukamsaidie kupeleka hivyo alivyoweza.

Mbishi: Haya yote ni kufuga uzembe. Biashara dhaifu iache ife.

Jibu: Nyingine kweli zife. Moja ya zile fremu tatu ilikuwa ya kuchoma CD za muvi. Mtaa mzima tungempenda yule kijana, bado hakuna aliyekuwa na deki nyumbani. Alipouliza ushauri tulimwambia afunge mapema, kabla kodi haijala vifaa vyake. Leo anatengeneza simu kwenye kimeza nje ya fremu hiyo hiyo. Lakini genge la nyanya siyo CD. Nyanya watu wanakula kila siku. Likifa, ujue hela imekwama mahali, itafute kwanza.

Mwanachama wa Mbagala: Samahani mwalimu, deni lako lilikuwa shilingi ngapi?

Jibu: Nilijua hili litakuja. Elfu thelathini na saba na mia tano. Nilipomaliza elfu thelathini na saba nilimwomba Mangi anisamehe ile mia tano ya kipande cha sabuni. Alikataa. Alisema akinisamehe mimi, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umeshasikia.