Gari likilala upande mmoja, tafuta pa kuvujia kabla ya kununua kompresa

Ninatengeneza magari makubwa ya kifahari yenye sasipensheni ya hewa, yaani yanayobebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya springi, hasa yaliyozeeka. Kompresa nyingi (pampu zinazojaza mifuko hiyo) ninazoletewa zikiwa zimeungua hazikufa kwa uzee. Mfuko wa hewa hupata ufa mdogo, gari linashuka, sensa ya kimo inatoa taarifa, kompresa inaamshwa ilipandishe. Kazi hiyo haiishi mpaka iungue. Ukifunga mpya na ufa bado upo, nayo itaungua.

Anza na betri. Umeme ukiwa hafifu, kompyuta huwasha taa za hitilafu hata kwa vifaa visivyo na ubaya wowote. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ukiona chini ya 12.2, ichaji kwanza, kisha futa hitilafu zote uone zipi zinarudi.

Jioni egesha mahali tambarare. Pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, magurudumu yote manne, uandike. Usipimie ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Halafu chomoa fyuzi ya sasipensheni. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotoa jibu: baadhi ya magari huamka yenyewe usiku na kushusha kona zilizo nzima zilingane na ile inayovuja, hivyo asubuhi unakuta limelala lote na hujui mkosaji ni nani.

Asubuhi pima tena. Ikishuka kona moja, shuku mfuko wake, bomba lake au kiungio cha bomba. Zikishuka mbili za ekseli moja kwa pamoja, kagua pia bloku ya vali, inayogawa hewa kwa mifuko.

Rudisha fyuzi, washa injini, pandisha gari hadi kimo cha juu. Mpira hupasuka pale unapojikunja, na kimo cha juu ndicho kinachofunua mkunjo huo. Pulizia maji ya sabuni, subiri, angalia povu. Ufa mwembamba hutoa vipovu vidogo sana, kwa hiyo tumia tochi na usiwe na haraka. Lakini tafadhali, usiingize hata mkono kati ya tairi na bodi, wala usilale chini ya gari, kama limeshikiliwa na hewa peke yake. Weka stendi imara chini ya chasi. Hewa ikitoka ghafla, tani mbili na zaidi zinakushukia.

Mifuko ibadilishe miwili ya ekseli moja, kwa kuwa imezeeka pamoja. Ikiwa kompresa nayo imekwisha, badilisha pia kikausha hewa, kwani chembe zake za kunyonya unyevu zikilowa husagika kuwa unga unaoziba vali. Na rele ya kompresa, swichi inayoiwasha, usiirudishe ile ya zamani: ikigandia, kompresa mpya itazunguka bila kupumzika.