Macho, mkono na mguu: usisomwe vibaya ukifika nchi za watu

Kama una safari ya kwenda kusoma au kutafuta maisha nje, ukishamaliza habari za begi na jaketi njoo tuongee kuhusu mwili wako, maana huo utaanza kusema kabla wewe hujafungua mdomo.

Kubwa kuliko yote ni macho. Wengi wetu tumelelewa kwamba mkubwa akikusemesha, hasa akiwa anakugombeza, unaangalia chini, ukimtazama usoni unaulizwa "unanitolea macho?". Sasa ingia kwenye intavyuu Uingereza au Marekani ufanye hivyohivyo, yule anayekuhoji anaona huyu hajiamini au anaficha kitu. Mimi ya kwanza niliongea na meza mwanzo mwisho, baadaye nikaambiwa majibu yako yalikuwa mazuri ila ulionekana kama hutaki kuwa pale. Iliniuma sana jamani, kumbe ile heshima niliyokuwa nampa yule mama hakuiona kabisa.

Fanya hivi: akiongea mwangalie, ukiwa unawaza jibu geuza macho pembeni kidogo, kisha rudi. Usimkodolee. Macho yakikushinda angalia kati ya nyusi zake, hatajua. Na fanya mazoezi kwa vidio na rafiki wiki nzima kabla, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Mkono: sisi tunashikana huku tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, mkono bado umo tu. Kule tikisa mara mbili tatu achia. Na mtu akikuita kwa kidole kimoja kilichoangalia juu usikasirike, hajakudharau, ndivyo wanavyoitana, ila wewe ukimwita kwa kiganja kinachoangalia chini anaweza kudhani unampungia kwaheri.

Wanaume kutembea wameshikana mikono kwetu ni urafiki tu, kule wanakuona mko kwenye mapenzi. Mwaka 2005 Rais Bush alishikana mkono hivyo na Abdullah, mrithi wa ufalme wa Saudi Arabia, huko Texas, na Wamarekani waliziongelea zile picha siku nyingi.

Ukienda Oman, habari ya mkono wa kushoto unaijua tayari toka nyumbani. Cha kuongeza ni mguu, usikae ukamwelekezea mtu soli ya kiatu, na kama wewe ni mwanaume usimtangulizie mwanamke mkono, weka wako kifuani, akiutoa wake ndio umpe.

Bulgaria ndo balaa, kutikisa kichwa juu chini kwa desturi yao ni hapana, hivyo subiri jibu la mdomo.

Wenye watoto shuleni huko, nendeni kwa mwalimu mapema mumwambie kwamba mtoto akiinamisha macho anapokanywa siyo kiburi wala uongo, kafundishwa hivyo nyumbani. Na mtoto naye mumwambie mwalimu anatazamwa usoni, bibi akipiga simu ya vidio shikamoo ni ileile.