Namna ya Kuwaandaa Walimu wa Ufundi Kufundisha Stadi na Maadili ya Kazi

Anayewaandaa walimu wa vyuo vya ufundi mkoani Mbeya au Iringa aanzie karakana, si ukumbini, kwa sababu maadili ya kazi hujaribiwa pale uamuzi unapofanyika: fundi anapokuta breki zimelika na mteja hajui, au seremala anapopewa mbao mbichi za msonobari kutoka shamba la miti la Sao Hill, ambazo zitapinda na kusinyaa zikikauka, huku mteja akidai kabati lake kesho.

Waombe walimu walete visa vya namna hiyo kutoka kwa mafundi wanaowafahamu, bila kutaja majina, kisha mmoja aigize fundi, mwingine mteja, na wa tatu aandike yaliyosemwa. Igizo likiisha, usikimbilie kutoa hukumu. Uliza nani angeumia, nani angebeba gharama, na fundi angemweleza mteja kwa maneno gani. Hapa ndipo muda mwingi utumike, maana mwalimu aliyezoea kuhubiri uaminifu hupata taabu kubwa kuuliza swali na kusubiri jibu.

Kisha kila mwalimu afundishe wenzake somo fupi linalounganisha stadi na maadili, kwa mfano kupima unyevu wa mbao na kumweleza mteja ukweli wa kipimo hicho.

Mtihani wa kuandika hautoshi. Tathmini iangalie vitendo: kurudisha vifaa stoo, kuandika risiti sahihi, kutoa taarifa ya kosa kabla halijagunduliwa. Baada ya muhula mmoja, mkufunzi awatembelee walimu hao karakanani wakiwa na wanafunzi wao.