Namna ya Kurekodi Albamu ya Jazi na Fanki kwa Kinanda na Dramu Peke Yake, Mkiwa Dodoma

Albamu ya watu wawili, mmoja akipiga kinanda cha ogani na mwenzake dramu, hutegemea maelewano kati ya mkono wa kushoto wa mpiga kinanda na mguu wa kulia wa mpiga dramu kuliko inavyotegemea jambo lingine lolote. Mkono huo wa kushoto ndio besi yenu, na ngoma ya mguu ndiyo inayoipa besi hiyo uzito. Visipokutana, hakuna gitaa wala kwaya ya kuficha kasoro. Ninalisisitiza hili kwa sababu wapigaji wengi wa Dodoma wamejifunzia kanisani, ambako kinanda hujaza kila nafasi ili waimbaji wasipoteze sauti, na mazoea hayo ndiyo ya kwanza kuachwa katika fanki.

Anzeni mazoezi kwa mdundo mmoja wenye mwendo wa mapigo 95 hadi 105 kwa dakika. Mkono wa kulia wa mpiga kinanda ukae pajani, mpiga dramu atumie ngoma ya mguu, sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) na haihati (visahani viwili vya kukanyagia) tu, kisha rudieni mdundo huo bila kuupamba mpaka usikimbie wala kuchelewa. Sikilizeni hasa mahali ambapo noti ya besi inaishia. Ikiachwa ilie mpaka pigo la pili, sneya itaangukia juu yake na kusikika hafifu. Ikikatwa kidogo kabla ya pigo hilo, sneya itatoka safi na mdundo utaanza kumfanya msikilizaji atikise kichwa. Rekodini kwa simu na mrudie kusikiliza pamoja, maana anayepiga huwa hasikii urefu wa noti zake mwenyewe.

Mwaka 1965 Larry Young wa kinanda na Elvin Jones wa dramu walirekodi kipande kimoja wakiwa wawili tu, katika albamu ambayo nyimbo zake nyingine zina tarumbeta na saksafoni. Kitafuteni, mkisikilize mara kadhaa, mkizingatia sehemu ambazo Young ameziacha wazi.

Sauti inayotafutwa ni ya kinanda cha Hammond, ambacho kiliingia sokoni mwaka 1935 na ambacho Jimmy Smith, kwa rekodi zake za kuanzia mwaka 1956, alikipa nafasi ya kudumu katika jazi. Kina vijiti tisa vya kuvuta, na kila kijiti huongeza sauti ya kimo chake. Kwa safu ya juu ya vibonyezo, vuteni vijiti vitatu vya kwanza mpaka mwisho na mfunge vingine vyote, kisha muwashe mlio mfupi wa kugonga (percussion) unaosikika noti inapoanza. Mlio huo hausikiki tena mpaka vidole vyote viwe vimeinuliwa, kwa hiyo mpigaji wa fanki sharti atenganishe noti zake; anayeziunganisha kama wimbo wa ibada atausikia mara moja tu. Kwa besi, kwenye safu ya chini, vuteni mpaka mwisho kijiti cha kwanza na cha tatu, na cha pili nusu yake au pungufu.

Wengi wenu mtatumia kinanda cha kisasa cha kielektroniki chenye vijiti hivyo, na kinafaa kabisa. Atakayepata Hammond ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani aelewe kwamba mota yake hufuata umeme wa hezi 60. Ikichomekwa kwenye umeme wetu wa hezi 50, hata kama volti zimepunguzwa ipasavyo, kinanda chote kitashuka kwa takriban nusu-toni tatu. Transfoma haibadilishi hezi. Kinahitajika kifaa kinachozibadilisha. Jenereta isiyotulia nayo itayumbisha sauti katikati ya wimbo.

Kuhusu dramu sina maneno mengi. Punguzeni mlio wa ngoma ya mguu kwa kuweka kanga iliyokunjwa ndani yake, na mapigo madogo ya sneya yapigwe kwa upole sana ili pigo la pili na la nne yabaki na mamlaka. Mpiga dramu akienda kuwatazama kina mama wa Kigogo wanapopiga muheme, atajifunza jinsi wapigaji wengi wanavyoweza kushika mdundo mmoja bila mtu kuupita.

Rekodini mkiwa chumba kimoja, mnatazamana, kwa wakati mmoja. Chagueni miezi ya kiangazi, kwa kuwa mvua ikigonga bati hakuna maikrofoni itakayonusurika, lakini fungeni madirisha kwa mablanketi kwa sababu upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti husikika ndani na huleta vumbi kwenye vibonyezo. Maikrofoni nne zinatosha dramu: ngoma ya mguu, sneya, na mbili juu. Mkiwa na spika ya Leslie inayozunguka, wekeni maikrofoni mbili kwenye honi yake ya juu na moja chini, na mbadilishe mwendo wake mwishoni mwa sentensi ya muziki, si katikati.

Nyimbo nane za dakika nne au tano zinatosha, kwani masikio huchoka mapema pale ala zikiwa mbili. Zisajilini COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, kwa majina yenu wote wawili kabla hamjazitoa.

Katika kuchanganya sauti, amueni kwa kila wimbo ni kipi kitakachokaa chini kabisa, besi ya kinanda au ngoma ya mguu, kisha punguzeni sauti hizo za chini kabisa kwa kile kingine. Jaribuni matokeo kwenye spika ya simu; besi ikipotea humo, ongezeni kijiti cha nne kidogo kwenye safu ya chini na mrekodi wimbo huo upya.