Kimbunga Kikija Houston: Namna ya Kukaa Ndani na Kujuliana Hali

Kimbunga Beryl kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda, pwani ya Texas, alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024 kikiwa cha daraja la 1, daraja la chini kabisa. Upepo ulitulia Houston siku hiyo hiyo. Lakini zaidi ya nyumba na biashara milioni 2 zilibaki bila umeme, nyingine kwa zaidi ya wiki, katikati ya joto la Julai la Texas. Baadhi ya waliofariki hawakuangukiwa na mti wala kuchukuliwa na maji. Walikufa kwa joto ndani ya nyumba zao, baada ya dhoruba kupita. Ndiyo maana hapa nimeipa kazi ya kujuliana hali nafasi kubwa kuliko kazi ya kununua vitu.

Nawaandikia hasa wenzangu wa apatimenti za kusini-magharibi mwa jiji, Gulfton, Sharpstown na Alief, wakiwemo wazee waliotoka Kivu wakapitia kambi za Kigoma. Tahadhari zinazolia kwenye simu huja kwa Kiingereza au Kihispania. Mama asiyejua lugha hizo husikia mlio wa kutisha, asijue afanye nini. Mimi hushika orodha ya simu ya kikundi chetu kila msimu, na haya ndiyo tunayoyafanya.

Hatua ya 1: Amua kama unakaa au unaondoka

Kanuni ya huku ni kwamba maji hukimbiwa, na upepo watu hujificha ndani. Ukikaa karibu na bahari au ghuba, kwa mfano Galveston, na serikali ya eneo lako ikaagiza kanda yako ihame, hama. Anayeishi kwenye nyumba ya trela naye asibaki humo, hata akiwa mbali na bahari, kwa kuwa upepo huzipindua nyumba hizo.

Wengi wetu wa kusini-magharibi hatumo katika kanda za kuhama, na kwetu ni salama zaidi kubaki. Mwaka 2005, Kimbunga Rita kilipokaribia, zaidi ya watu milioni 2 waliingia barabarani kwa pamoja, na wengi wa waliopoteza maisha walipotea katika safari hiyo ya kukimbia, kwenye foleni na joto, si katika kimbunga chenyewe. Usiondoke kwa sababu jirani anapakia gari. Uliza kwanza kanda yako.

Kama unakaa ghorofa ya chini karibu na Brays Bayou au mkondo mwingine wowote, ongea mapema na mtu wa ghorofa ya pili kwamba maji yakipanda mtapanda kwake. Mazungumzo hayo yafanyike mchana, kwa utulivu, kabla ya msimu. Kugonga mlango wa usiyemjua saa nane usiku na watoto wamelowa ni mtihani mkubwa kwenu nyote.

Asiye na gari, mwenye ulemavu au anayetumia mashine ya oksijeni apige 2-1-1, namba ya simu ya huduma za msaada, mapema aandikishwe katika daftari la Texas la wanaohitaji msaada wakati wa dharura. Aombe mkalimani wa Kiswahili na asikate simu akisubiri. Daftari hilo haliahidi kwamba gari litakuja, kwa hiyo bado anahitaji watu wake.

Hatua ya 2: Andika orodha kabla ya tarehe 1 Juni

Msimu huanza tarehe 1 Juni, huisha tarehe 30 Novemba, na hupamba moto karibu na tarehe 10 Septemba. Orodha iandikwe kwenye karatasi, maana simu itazima chaji siku unapoihitaji zaidi.

Kwa kila nyumba andika idadi ya watu, namba ya apatimenti na ghorofa, namba ya geti, simu ya jirani mmoja, dawa za kila siku, na kifaa chochote kinachotegemea umeme. Weka alama kwa mzee anayeishi peke yake, mjamzito, mwenye mtoto mchanga, mwenye kisukari, anayesafishwa figo. Halafu mgawane: kila mtu mzima mwenye nguvu apewe nyumba mbili au tatu za kuangalia, zile anazoweza kuzifikia kwa miguu. Asiyeweza kufika bila gari asipewe nyumba hiyo, hata kama ni ya shangazi yake.

Getini kuna jambo watu hulisahau. Mageti mengi ya apatimenti hufunguka kwa mota, na umeme ukikatika hubaki yamefungwa. Mwulize msimamizi wa ofisi sasa hivi linafunguliwaje kwa mkono, na mlango wa waendao kwa miguu uko upande gani.

Mwisho, kila familia ichague ndugu mmoja aliye nje ya Texas, awe Columbus, awe Minneapolis. Huyo ndiye atakayepokea habari zenu na kuzipeleka Goma, Kigoma, Mombasa na kwingineko. Ndugu wa nyumbani wakiona picha za Houston watapiga wote kwa pamoja, kwa upendo kabisa, na kila simu unayoijibu inakula chaji ambayo usiku itahitajika kuita msaada.

Hatua ya 3: Siku mbili za mwisho

Simu ikiandika "Hurricane Watch", maana yake hali ya kimbunga inawezekana, na kwa kawaida tangazo hilo hutolewa saa 48 kabla ya upepo mkali kufika. Ikiandika "Hurricane Warning", kimbunga kinatarajiwa, na una kama saa 36. Kituo cha Taifa cha Vimbunga, kilichoko Miami, hutoa taarifa kamili saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa nne usiku kwa saa za Houston wakati wa kiangazi. Sikiliza hizo, uachane na video zinazozunguka WhatsApp. Ile ramani yenye umbo la pia huonyesha njia ya kitovu tu. Mvua na upepo hufika mbali nje ya mstari wake, kwa hiyo kuwa nje ya mstari si kuwa salama.

Maji ya kunywa na kupikia ni galoni 1, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku. Weka ya siku tatu kwa uchache. Jaza pia beseni la bafuni na ndoo zote kwa ajili ya choo. Gandisha chupa za maji kwenye friza: zitahifadhi chakula, kisha zitanyweka. Chukua dawa za angalau wiki mbili kama bima itakubali. Toa pesa taslimu kidogo, chaji pawabenki, jaza mafuta, na gari liegeshwe sehemu ya juu, mbali na miti. Kubandika tepu kwenye vioo hakusaidii, usipoteze muda.

Hatua ya 4: Usiku wenyewe

Kaeni chumba cha ndani kisicho na madirisha, milango ya vyumba vingine imefungwa. Vaeni viatu. Vimbunga hivi huzaa pia tufani ndogo za kuzunguka zinazotokea ghafla, kwa hiyo mlio wa simu usipuuzwe hata kama mmeshazoea kelele za upepo.

Upepo ukinyamaza ghafla, huenda jicho la kimbunga liko juu yenu. Usitoke kuangalia gari. Upepo utarudi kutoka upande wa pili, tena kwa nguvu.

Maji yakianza kuingia, zima swichi kuu ya umeme ikiwa tu unaifikia bila kukanyaga maji, kisha pandeni juu. Wenye nyumba za chini zenye dari wasijifungie darini pasipo na tundu la kutokea, maana maji yakifika huko hawana pa kwenda. Harvey, mwaka 2017, kilimwaga zaidi ya sentimeta 150 za mvua huko Nederland, mashariki mwa Houston. Mvua ya namna hiyo haiulizi kama mtaa wako umewahi kufurika.

Kwa mawasiliano, tumia ujumbe mfupi wa maandishi. Mtandao ukielemewa, maandishi hupenya pale ambapo simu na sauti za WhatsApp hukwama. Sisi tunatumia mpangilio mmoja: "12B, watu 5, maji yapo, umeme hakuna, dawa siku 3." Mara mbili tu usiku, saa mlizokubaliana, na kubalianeni kama ni saa za Kiswahili au za Kiingereza. Vijana waliokulia hapa wakisoma saa nne huelewa nyingine kabisa.

Hatua ya 5: Kubisha hodi

Subirini mamlaka zitangaze kuwa upepo umekwisha na kuwe na mwanga. Waya ulioanguka uhesabuni kuwa una umeme. Maji yanayotiririka ya sentimeta 15 humwangusha mtu mzima, na ya sentimeta 30 yanaweza kulibeba gari dogo. Barabara ikifunikwa na maji, rudi.

Anzeni na walioandikiwa alama, si na rafiki wa karibu. Na hapa ndipo ninapoomba umakini wenu wote. Adabu yetu ni kujibu "salama" hata nyumba ikiwa inaungua. Ukimwuliza mama "Habari gani?" atakujibu "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu," nawe utaondoka umemwacha na joto la kuua. Msalimu kama inavyostahili, Shikamoo, au Jambo mama kwa wazee wetu wa Kivu, kisha ingia ndani na uulize mambo yanayohesabika:

"Mama, nimetumwa niulize haya kila nyumba, usinichoke. Tangu asubuhi umekunywa vikombe vingapi vya maji? Umekwenda haja ndogo mara ngapi? Usiku ulipata usingizi? Dawa ya presha umemeza, zimebaki ngapi? Leo ni siku gani?"

Swali la mwisho ni la muhimu kuliko yote. Mtu aliyezidiwa na joto huanza kuchanganyikiwa kabla hajalalamika. Akijibu vitu visivyoeleweka, ngozi ikiwa ya moto, akitapika au kulegea, piga 911, namba ya dharura, hapo hapo. Mpeleke penye ubaridi, mloweshe maji mwilini, mpepee, weka barafu iliyofungwa kitambaani shingoni na kwapani. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu.

Asiye mahututi lakini nyumba yake inachemka ahamishiwe kwa mwenye umeme au kituo cha kupoza joto. 2-1-1 watakuambia kilichofunguliwa karibu. Wazee hukataa wakihofia kuwa mzigo. Usimwambie "Ukihitaji nitafute." Mwambie "Mama, watoto wanakusubiri, twende ukale nao."

Hatua ya 6: Siku za giza

Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata jikoni, hata dirisha likiwa wazi, hata kwenye baraza iliyozungushiwa ukuta. Tumelijua jiko tangu utoto, na kwetu pia limeua watu waliolala nalo chumbani. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Jenereta likae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, likiwemo la jirani. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja na kusikia kichefuchefu, tokeni nje wote ndipo mpige 911.

Friji lisilofunguliwa huhifadhi chakula saa 4. Friza lililojaa huhimili saa 48, lililojaa nusu saa 24. Nyama na maziwa vilivyopita hapo vitupwe. Insulini nyingi hustahimili hadi siku 28 nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30 za Selsiasi, lakini nyumba isiyo na umeme huzidi hapo, kwa hiyo ihifadhiwe kwenye deli, isigusane na barafu, na mwulizeni mfamasia. Anayesafishwa figo asisubiri umeme urudi. Kituo chake kipigiwe siku ya kwanza kujua wapi wagonjwa wamehamishiwa.

Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha, ukianza na alama ya maji ukutani, kwa ajili ya bima na FEMA, idara ya serikali ya Marekani ya kusaidia wakati wa maafa. Nao wana wakalimani, omba.

Tembeleeni kila nyumba yenye alama asubuhi na jioni, na jina lisikatwe kwenye orodha mpaka umeme wa nyumba hiyo yenyewe urudi na kiyoyozi kiwe kimeonekana kikifanya kazi. Taa ya jirani kuwaka haitoshi, na hata jengo moja linaweza kuwa na umeme upande mmoja tu.